Kesi Hushindwa Kabla ya Kufunguliwa? Mjadala wa mashauri ya biashara

Mwaka 1999 Tanzania ilianzisha Divisheni ya Biashara ndani ya Mahakama Kuu, na tangu hapo ofisi za mawakili za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza zimelazimika kujifunza upya kazi yao zaidi ya mara moja. Kanuni za divisheni hiyo za mwaka 2012 ziliweka ukomo: shauri limalizike ndani ya miezi 10, na likichelewa lisivuke miezi 12. Ziliondoa pia desturi ya shahidi kusimulia kisa chote kizimbani. Maelezo yake huandikwa na kuwasilishwa mapema, naye hufika kuhojiwa juu ya alichoandika. Mwaka 2018 zikaja kanuni za kufungua mashauri kwa mtandao. Mwaka 2020 ikatungwa Sheria mpya ya Usuluhishi, ikaizika ile ya mwaka 1931. Mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama, na mwaka huohuo zikatoka kanuni za kusikiliza mashauri kwa video. Nairobi nao walikwenda kwa hatua zao: majalada ya kielektroniki kuanzia Julai 2020, Mahakama ya Madai Madogo kuanzia Aprili 2021.

Swali langu ni hili: mabadiliko yote haya yamemnufaisha nani? Nimelikabidhi kwa sauti tatu. Si watu halisi, bali nimeziunda kutokana na hoja zinazogongana kila wanapokutana watu wa fani hii. Wa kwanza ni wakili wa kujitegemea, mtu mzima, aliyezoea enzi za taipureta na karatasi za kaboni. Wa pili ni mwanasheria aliyeajiriwa na kampuni inayoagiza bidhaa na kuzisafirisha hadi Lubumbashi. Wa tatu anauza vifaa vya ujenzi kwa jumla Kariakoo. Mimi mwenyewe nina upande katika jambo hili, na nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

WAKILI: Nianze na tulichopoteza, maana tulichopata hutajwa kwenye kila hotuba ya Siku ya Sheria. Zamani shahidi alipanda kizimbani akasimulia mwenyewe. Alipofika pale mzigo ulipopotea, sauti ilibadilika, na jaji aliona. Leo maelezo yake yanaandikwa ofisini kwangu, yanasahihishwa, yanapangwa aya kwa aya. Nimesoma maelezo ya mashahidi watano wa kampuni moja, dereva, mhasibu, mlinzi wa ghala na wakubwa wao wawili, na wote wanazungumza kama mawakili. Ukweli wa yule dereva haumo.

MWANASHERIA WA KAMPUNI: Mzee wangu, hapo nakupinga kwa heshima zote. Kabla ya utaratibu huu ushahidi mkuu wa mhasibu mmoja uliweza kumaliza siku mbili, jaji akiandika kwa mkono. Wakili akiugua, ahirisho. Shahidi akisafiri, ahirisho. Sasa nikishasoma maelezo ya upande wa pili najua kama tuna kesi au hatuna. Naweza kwenda mbele ya bodi nikawaambia: tulipe nusu, yaishe. Zamani jambo hilo nililijua mwaka wa tatu wa shauri, tukiwa tumeshatumia fedha nyingi kuliko hiyo nusu. Tena dodoso, yaani shahidi kuhojiwa na wakili wa upande wa pili, limebaki palepale. Shahidi aliyekaririshwa maneno ya wakili ndiye wa kwanza kuyumba akiulizwa maana ya sentensi aliyoisaini.

WAKILI: Dodoso limebaki, hilo nakubali, msomi mwenzangu. Ila dodoso zuri linataka muda wa kumzungusha shahidi, na muda huo sasa unahesabiwa dakika.

MFANYABIASHARA: Samahanini wasomi. Mnazungumzia shahidi ataonekana vipi mbele ya jaji. Mimi sijafika hata mlangoni. Kuna mkandarasi nilimpa nondo, saruji na mabati kwa mali kauli, milioni 40 na ushee. Mkataba hatukuandikishana. Nina daftari la dukani, nina ujumbe wa WhatsApp anaoniambia "nipe mwezi mmoja kaka", na nina ujumbe wa simu wa fedha chache alizonitumia. Mnaniambia sasa mambo yanakwenda haraka. Mimi haraka hiyo naingia nayo wapi?

WAKILI: Unaingia nayo, na wala usidhani WhatsApp ni upuuzi. Kuna historia hapa. Mwaka 2000 Trust Bank ilifungua shauri katika Divisheni ya Biashara dhidi ya Le-Marsh Enterprises. Benki ilileta taarifa za akaunti zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilikuwa inazungumzia vitabu vya benki, vile vitabu vikubwa vya kuandika kwa wino. Upande wa pili ukapinga: karatasi ya kompyuta si kitabu. Jaji Nsekela akazipokea, akaona kwamba mahakama haiwezi kufumbia macho namna biashara inavyoendeshwa. Mwaka 2007 Bunge likairekebisha sheria, na mwaka 2015 ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Kwa hiyo ujumbe wako unapokelewa. Swali litakuwa juu ya uaminifu wake: ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, na ni nani hasa aliyeutuma.

MWANASHERIA WA KAMPUNI: Na hapo ndipo wengi wanapoangukia, kaka. Simu iliyotumika unayo bado?

MFANYABIASHARA: Ilianguka majini. Ila picha za skrini nilimtumia kijana wangu wa dukani.

MWANASHERIA WA KAMPUNI: Basi wakili wa mkandarasi ataanzia hapo. Atauliza picha ilipigwa kwa simu ipi, nani aliihifadhi, kwa nini mazungumzo yanaanzia katikati. Ofisini kwetu tulishaacha kumwachia mtu mmoja mmoja. Oda ikija kwa WhatsApp, karani anaijibu kwa barua pepe ya kampuni siku hiyohiyo: tumepokea oda yako ya kiasi hiki, kwa bei hii, malipo tarehe hii. Mzigo ukitoka ghalani, anayepokea anaandika jina kamili, anasaini, na namba ya gari inaandikwa. Hayo si mambo ya kisheria sana. Ni kazi ya karani wa ghala. Lakini siku ya shauri, karani huyo amefanya kazi kubwa kuliko mimi.

MFANYABIASHARA: Na kama mzigo ulitoka bila risiti ya mashine ya kodi?

Pakawa na kimya kidogo, na nadhani kila msomaji anayeijua Kariakoo anaelewa sababu.

WAKILI: Hapo, ndugu yangu, ili umdai mkandarasi itakubidi useme mbele ya mahakama, na jalada ni la wazi, kwamba uliuza mali ya milioni 40 bila kutoa risiti. Mdaiwa anajua. Ndiyo maana anakujibu kwa kiburi.

MFANYABIASHARA: Kwa hiyo kila mtu anajua nimeshindwa isipokuwa mimi?

WAKILI: Sijasema umeshindwa. Nimesema kesi yako imeanza na deni lake yenyewe. Na hata ule mkataba ambao hukuandika, ungeuandika bila kuulipia ushuru wa stempu, ungesimamishwa mlangoni wakati wa kupokelewa kama kielelezo. Huo unatibika, unalipa ushuru na faini yake. Lakini lile la risiti sina dawa yake.

Hapa naingilia. Mawakili wakiulizwa nini kimebadilika, wengi hutaja kompyuta. Kompyuta ni sehemu ndogo. Kilichobadilika ni mahali kesi inapoamuliwa. Zamani wakili hodari aliweza kulijenga shauri akiwa njiani: akapata shahidi aliyesahaulika, akaomba kurekebisha hati ya madai, akatumia maahirisho kukusanya karatasi. Ratiba ya miezi 10 imeifunga njia hiyo. Vielelezo viwepo siku ya kufungua, maelezo ya mashahidi yaandikwe mapema, na kilichokosekana ghalani siku mzigo ulipotoka hakitapatikana tena. Mimi nayaunga mkono mageuzi haya, maana uchelewaji wa zamani uliua biashara. Lakini nakataa kusema kwamba yamemfikia kila mtu kwa usawa. Kampuni yenye mwanasheria wa ndani inaingia mahakamani imekamilika. Muuza mabati anaingia na daftari. Jaji anaweza kuwa mwadilifu kabisa, na bado matokeo yakamwelemea yule yule.

Kenya wamejaribu kulitibu hilo kwa namna ninayoiheshimu. Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya. Hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60 tangu shauri lifunguliwe, mahakama haifungwi kikamilifu na masharti magumu ya ushahidi, mtu anaweza kujitetea mwenyewe, na rufaa iko kwenye hoja za kisheria tu. Daftari la dukani, mahakamani humo, linasomwa kama daftari la dukani. Tanzania tuna mahakama za mwanzo, karibu na watu na zenye taratibu nyepesi, lakini hazikuundwa mahsusi kwa deni la kibiashara la muuza jumla anayehitaji fedha zake kabla kontena lingine halijafika.

MWANASHERIA WA KAMPUNI: Nitasema jambo ambalo wenzangu waliomo kwenye makampuni hawapendi lisemwe. Kuna kampuni zinazochelewesha shauri kwa hesabu. Kanuni za mwenendo wa madai zinasema deni lililokwisha kutolewa hukumu linazaa riba ya asilimia 7 kwa mwaka, au zaidi kidogo kama wahusika wamekubaliana kwa maandishi, lakini isizidi 12. Benki inakopesha kwa takriban asilimia 15. Chukua deni la shilingi milioni 100. Ukilivuta miaka mitatu baada ya hukumu, unaongeza milioni 21. Ukienda benki kukopa milioni 100 hizo ili ulipe, kwa miaka hiyohiyo riba ni kama milioni 45. Mkurugenzi wa fedha anaiona tofauti ya milioni 24, anatoa ada ya wakili wa rufaa, bado anabaki na faida.

MFANYABIASHARA: Yaani fedha yangu mimi ndiyo mkopo wake?

MWANASHERIA WA KAMPUNI: Ndiyo, kaka. Tena mkopo usio na dhamana.

WAKILI: Na sisi mawakili tulikuwa ndio makarani wa mkopo huo. Nakiri kwa niaba ya fani. Mteja anakuja, hana utetezi, anasema: wakili, nipatie muda. Basi tunatafuta pingamizi la awali. Mwaka 1969 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika shauri la kiwanda cha biskuti cha Uganda, Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors, ilisema waziwazi kwamba pingamizi la awali liwe hoja tupu ya sheria, lisiwe jambo linalohitaji ushahidi, na ikalalamika kwamba matumizi yake mabaya yanaongeza gharama tu. Tangu siku hiyo hakuna wakili wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam asiyeitaja Mukisa Biscuit. Na tunaitaja tukiwa tunafanya kile kile ilichokikataza.

MWANASHERIA WA KAMPUNI: Ila mlango huo umebanwa, mzee.

WAKILI: Umebanwa, haujafungwa. Mwaka 2018 Bunge liliingiza lengo kuu: mahakama zitoe haki kwa unafuu, kwa haraka na kwa uwiano, zising'ang'anie ufundi wa kisheria. Vijana wakadhani kila kosa limesamehewa. Mwaka huohuo, katika rufaa ya Halmashauri ya Kijiji cha Mondorosi dhidi ya Tanzania Breweries, Mahakama ya Rufani ikawarudisha chini: lengo kuu halitumiki kuyaruka masharti ya lazima ya mwenendo. Nami nadhani Mahakama ilisema kweli. Mtu akishindwa kuijua njia mapema, mwenye nguvu ndiye atakayeichora njiani. Halafu mwaka 2023 ikaondolewa haja ya kuomba kibali kabla ya kukata rufaa katika mashauri ya madai. Kibali kile kilikula miezi na miezi, kimeondoka, alhamdulillahi. Lakini pia mdaiwa anayetaka muda sasa anapanda Mahakama ya Rufani bila kizingiti.

MWANASHERIA WA KAMPUNI: Akipanda, asimamishe utekelezaji kwanza. Na hilo halipati bila kuweka dhamana. Mahakama ya Rufani iko imara hapo. Dhamana ya benki ina gharama, na hesabu niliyowapa inaanza kubadilika.

Juu ya riba msimamo wangu hauyumbi. Kiwango cha asilimia 7 kinampa mdaiwa sababu ya kutolipa, na hakuna mfumo wa kielektroniki utakaoitoa sababu hiyo. Tumewekeza katika kuharakisha hukumu, tukaacha kilicho rahisi kuliko vyote: kuifanya riba ya hukumu ifuate hali ya soko. Kanuni ikibadilishwa hata kwa mstari mmoja, mawakili wengi wataanza kuwashauri wateja wao walipe. Kwa sasa, mwenye kuuza kwa mkopo ajisaidie mwenyewe: aandike kwenye ankara na mkataba riba ya malipo yaliyochelewa, maana kwa kipindi cha kabla ya hukumu mahakama huangalia kile wahusika walichokubaliana, na kwa kipindi cha baada yake aandike hiyo 12 anayoruhusiwa.

MFANYABIASHARA: Wenzangu wanaonunua mali Guangzhou wanasema mahakama waachane nayo, waandike usuluhishi.

MWANASHERIA WA KAMPUNI: Kwa mali ya Guangzhou wako sahihi. Hukumu ya Dar es Salaam kuitekeleza China ni safari ngumu. Tuzo ya msuluhishi ina njia: Mkataba wa New York wa mwaka 1958 unazilazimisha nchi wanachama kuzitambua tuzo za wenzao, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Tanzania iliingia mwaka 1964, China 1987, Kenya 1989. Kongo iliingia 2014, na kwa kampuni yetu hilo limebadilisha kila mkataba. Wateja wetu wa Lubumbashi wako chini ya sheria za biashara za OHADA tangu 2012, mahakama ya juu ya mfumo huo iko Abidjan, na mambo yake yanakwenda kwa Kifaransa. Sikutaka kumfuata mdaiwa huko kwa hukumu ya mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Tuzo inatufikisha.

WAKILI: Na kwa mali ya Kariakoo kwa Kariakoo?

MWANASHERIA WA KAMPUNI: Hapo nasita. Jaji analipwa na serikali. Msuluhishi analipwa na nyie wawili, ukumbi mnalipa, na kila kikao kina bei. Kwa deni la milioni 40 gharama inaweza kulitafuna deni lenyewe. Upatanishi ni jambo jingine. Mpatanishi hawaamulii, anawakalisha tu mpaka wapatane, na Tanzania umo katika mwenendo wa madai tangu 1994. Unafaa kwa watu watakaouziana tena.

WAKILI: Mimi nina woga mwingine, na naomba usikilizwe. Usuluhishi ni wa siri. Kampuni zinaupenda kwa siri hiyo. Sasa fikiria Trust Bank na Le-Marsh wangekwenda kwa msuluhishi mwaka 2000. Msuluhishi angezipokea zile karatasi za kompyuta au angezikataa, wangelipana, wangeondoka. Sisi wengine tusingejua. Kila mfanyabiashara mwenye taarifa ya benki angeanza ugomvi uleule upya. Mukisa Biscuit ingekuwa karatasi ndani ya kabati la mtu. Migogoro mikubwa ya mafuta, ujenzi na simu ndiyo yenye maswali mapya ya sheria, na ndiyo inayotoroka mahakamani. Majaji wanabakiwa na mikopo ya nyumba. Miaka 20 ijayo sheria yetu ya biashara itakuwa imeandikwa na nani?

MWANASHERIA WA KAMPUNI: Mteja wangu hanilipi nikuze sheria, mzee. Ananilipa nimrudishie fedha zake bila magazeti kujua.

WAKILI: Najua. Ndiyo maana nasema ni jambo la nchi, halimhusu mteja mmoja.

Katika hilo niko na mzee. Hukumu ni mali ya umma kwa maana iliyo wazi kabisa: leo wakili kijana wa Songea anafungua TanzLII bila kulipa senti na kusoma uamuzi ule ule unaosomwa na ofisi yenye mawakili 30 mjini, na mwenzake wa Kisumu anafanya hivyo kwenye Kenya Law. Zamani aliyekuwa na rafu za ripoti za sheria ndiye aliyekuwa na sheria. Sijui mageuzi mengine yaliyosawazisha uwanja kiasi hicho. Kinachofungiwa kwenye usuluhishi hakifiki huko Songea. Sheria ingeweza kuruhusu tuzo zenye maswali mapya zichapishwe, majina na siri za biashara zikiondolewa, na wafanyabiashara wasingepoteza kitu.

MFANYABIASHARA: Mpwa wangu aliiuliza akili mnemba kuhusu deni langu. Ikamwandikia hati nzima ya madai, na kesi za mfano juu yake.

WAKILI: Usiilete mahakamani kabla hujanionyesha. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikuwa na jalada la madai ya karibu pauni milioni 90 dhidi ya benki ya Qatar. Rejea 45 ziliwekwa mbele ya mahakama. 18 zilikuwa za kesi ambazo hazijawahi kuwepo duniani. Na utafiti aliufanya mteja mwenyewe kwa vifaa hivyo, wakili wake akaupokea bila kuuhakiki. New York mwaka 2023 mawakili walitozwa dola 5,000 kwa kosa la aina hiyo. Kwa kupanga karatasi zako kwa tarehe, itumie. Kwa kukutajia kesi, mimi nitaifungua kila moja kwa macho yangu.

MWANASHERIA WA KAMPUNI: Na usiipe siri za mteja. Tangu sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zilipokuja, Kenya mwaka 2019 na hapa 2022, orodha ya wateja wako uliyoimwaga huko inaweza kukuletea shauri la pili.

Suala la video na lugha sikutaka litumalizie muda. Kwa mwenendo mfupi, kutajwa kwa shauri na maombi madogo, video imemwondolea wakili wa Mtwara safari isiyo na maana, na sioni wa kulilalamikia. Lugha ni kazi ambayo bado iko nusu: mashauri yanaweza kuendeshwa kwa Kiswahili, huku kanuni za mwaka 2022 zikiruhusu Kiingereza pale haki inapokitaka, lakini mikataba ya mikopo na bima inaendelea kutolewa kwa Kiingereza kwa watu wasiokisoma. Haki ya kuelewa unachodaiwa iko mahakamani. Kwenye meza ya kusaini haijafika.

MFANYABIASHARA: Tufike mwisho basi. Tuseme nimepambana, nimeshinda. Mwenzangu mmoja alishinda. Hukumu anayo kabatini, ina mihuri yote. Dalali wa mahakama alikwenda, akakuta ofisi ya kupanga, meza mbili na feni.

MWANASHERIA WA KAMPUNI: Hilo ndilo tunaloliangalia sasa kabla ya kufungua shauri, na kusema kweli kabla ya kukopesha. Naingia BRELA, kwa msajili wa kampuni, naangalia kampuni ni ya nani, wakurugenzi ni akina nani, mali yake imewekwa rehani benki gani. Kampuni ni mtu anayejitegemea mbele ya sheria. Ikiwa mfukoni mwake hamna kitu, nyumba ya mkurugenzi ya Mbezi huigusi, labda uthibitishe udanganyifu. Ndiyo maana sitoi mzigo mkubwa bila dhamana binafsi ya mkurugenzi, imeandikwa na kusainiwa mbele ya shahidi. Bosi wangu aliniambia nawafukuza wateja. Waliokataa kusaini walikwenda kwa washindani wetu, na baadhi yao washindani wetu wanawatafuta mpaka leo.

WAKILI: Ninavyoona, miaka hii nusu ya kazi yangu imehamia huko. Nasoma mikataba, natembelea maghala ya wateja, nawafundisha makarani wao. Ada yake ni ndogo kuliko ya shauri, maana kwenye shauri malipo yamezoeleka kwenda na ukubwa wa deni. Wenzangu wengine wanaona ni kazi ya chini. Mimi nimeacha kuona hivyo.

MFANYABIASHARA: Sasa mniambie hili, maana ndilo linanikera. Mteja wangu mkubwa kuliko wote, mwenye deni dogo lakini anayechukua kila wiki, ni shemeji yangu. Tumelishana na kuzikana. Nimwekee karatasi mbele, nimwambie asaini dhamana? Atasema nimemwona mwizi.

MWANASHERIA WA KAMPUNI: Mwambie benki yako inakutaka uwe nazo za wateja wote. Tena mara nyingi ni kweli, ukiomba mkopo watakuuliza wadaiwa wako ni akina nani na una karatasi gani.

WAKILI: Mimi simwambii aifiche nyuma ya benki. Mlete ofisini kwangu, ndugu yangu, mje wote wawili, na yeye aje na wakili wake akitaka. Deni alilonalo litaandikwa, tarehe zitaandikwa. Na upande wako pia utaandikwa: mabati yawe ya geji mliyokubaliana, saruji ifike siku uliyoahidi, na usipofanya hivyo akudai. Juzi ulisema una mzigo wa mabati uliorudishwa na wateja kwa kuwa membamba. Shemeji yako anazo karatasi za kukudai wewe?

MFANYABIASHARA: Hana.

WAKILI: Basi kamwambie hilo kwanza, halafu ndiyo umtajie saini yake.